Maji ya Bahari Yaliyopanda Gari la Moshi

Jumba la samaki la Shedd, lililofunguliwa mjini Chicago mwaka 1930 kwa mali ya tajiri John G. Shedd, ambaye mwenyewe hakujaliwa kuliona, limejengwa ukingoni mwa Ziwa Michigan, ambalo maji yake ni matamu. Na kwa kuwa wakuu wake walikusudia kufuga humo samaki wa baharini, ilibidi bahari ifuatwe iliko. Waliifuata Key West, kisiwa cha kusini ya Florida, masafa ya zaidi ya kilomita 2,000, kwa mabehewa 20 ya matangi yaliyokwenda na kurudi mara 8, hata ikatimia galoni milioni moja, yaani lita 3,800,000 hivi. Reli yenyewe ilikuwa ajabu: ilipita kisiwa hata kisiwa juu ya madaraja, ikafika Key West mwaka 1912, na tufani ya mwaka 1935 ikaivunja isijengwe tena; lau jumba lingalichelewa miaka mitano tu, njia hiyo isingalikuwako.

Hesabu ya kazi ile yafaa itazamwe kwa makini, maana ndani yake mna jambo ambalo kila ajazaye tangi jipya sebuleni kwake hulikuta tena, kwa kadiri ndogo. Maji yale yote yalikuwa na uzito wa tani 3,900 hivi. Katika kila sehemu 1,000 za maji ya bahari, sehemu 35 hivi ndizo chumvi. Kwa hiyo chumvi iliyosafirishwa haikuzidi sana tani 136, ambazo, kwa uzito wake, zingalienea katika shehena 6 za mabehewa yale. Shehena zilikuwa 160. Zilizosalia zote zilikuwa maji matupu, yakipelekwa ziwani.

Asidhani msomaji kwamba huo ulikuwa upumbavu. Chumvi ya jikoni ni sodiamu na klorini, basi. Ile ya bahari, pamoja na hizo, ina magnesiamu, salfeti, kalsiamu, potasiamu na vitu vingine vingi vilivyomo kwa chembe tu, na vile vilivyo vikubwa hukaa kwa nisba isiyobadilika. Mwanakemia William Dittmar, aliyepima vielelezo 77 vya maji vilivyoletwa na meli Challenger kutoka safari yake ya mwaka 1872 hata 1876, alithibitisha ya kuwa bahari yaweza kuzidi au kupungua ukali, lakini mgawanyo wa chumvi zake ni karibu ule ule popote baharini. Nisba hiyo ndiyo iliyopakiwa garini. Kweli, Mwingereza Philip Henry Gosse alikwisha kueleza mwaka 1854 namna ya kuunda maji ya bahari kwa chumvi ya kupikia, chumvi ya haluli, na kloridi za magnesiamu na potasiamu, na viumbe alivyovitia humo viliishi. Ila aliacha baadhi ya vitu, kwa kuviona ni vichache mno au kwamba maji ya kawaida huwa navyo. Mwenye tangi dogo la majaribio aweza kuthubutu hivyo. Mwenye jumba zima, mbele ya umma unaongoja mlangoni, atachagua gari la moshi, nami simlaumu.

Siku hizi nisba hiyo hununuliwa ikiwa ndani ya mfuko, imekwisha kupimwa kiwandani, na kazi iliyobaki ni ya maji. Maji ya mfereji huwa na klorini, ambayo hutoka yakiachwa wazi, au kloramini, ambayo ni kaidi. Tena huenda yakawa na shaba kutoka mabombani, nayo kwa kamba na matumbawe ni sumu hata ikiwa kidogo sana. Ndiyo sababu hupitishwa kwanza katika mtambo wa osmosisi, wenye utando mwembamba unaozuia karibu kila kilichoyeyuka.

Kisha huja utaratibu ambao wengi huudharau. Chumvi hutiwa katika maji yanayozungushwa na pampu, kidogo kidogo. Kamwe maji hayamiminwi juu ya chumvi. Pale chumvi inapokuwa nyingi na maji haba, kalsiamu hukutana na kaboneti ikashikamana nayo na kuzama, na mashapo hayo hayayeyuki tena kwa urahisi: maji hubaki ya rangi ya maziwa, na ukipapasa ndani ya pipa, chini kabisa, utaokota unga mweupe, ambao ndio chokaa ambayo matumbawe yangejengea.

Kipimo nacho kina hila yake. Tangi liitwalo la lita 200, likisha kutiwa mchanga na mawe, halichukui lita 200. Apimaye chumvi kwa jina la tangi atazidisha. Heri aanze na gramu 33 hivi kwa lita, aongeze baadaye, mpaka maji ya nyuzi 25 yaonyeshe uzito wa 1.025 hata 1.026 kwa kulinganishwa na maji matamu. Maji ya baridi huwa mazito zaidi, basi anayepima kwa haidromita kabla hayajapashwa moto hudanganyika.

Mara ya kwanza tu, hali tangi halina kiumbe, yaruhusiwa kuchanganya humo humo, huku sahani imelazwa juu ya mchanga ili maji yasiutimue. Baada ya hapo kila mchanganyo hufanywa katika pipa la pembeni, kwani punje ya chumvi ikimwangukia tumbawe humchoma. Samaki hawaingii siku hiyo. Hungoja wiki kadhaa, mpaka bakteria wa kwenye mawe wawe wengi kiasi cha kugeuza amonia kuwa naitraiti, na naitraiti kuwa naitreti. Muda huo wote maji hupungua kwa mvuke, na mvuke hauchukui chumvi. Kwa hiyo mwenye tangi hutia alama kiooni kwa kalamu, na kila yanaposhuka chini ya alama hujazia maji matamu yaliyochujwa, yasiyo na chumvi hata chembe.