Wawili na Mashine Chini ya Jua

Mwanzoni mwa Juni mjini Leipzig, Ujerumani, saa tatu usiku jua huwa bado halijazama. Kiswahili kinaiita saa hiyo usiku. Jua la kaskazini halina habari. Mjini humo ndimo wapenzi wa muziki wa giza wamekuwa wakikutana wakati wa Pentekoste tangu 1992, katika tamasha la Wave-Gotik-Treffen, nguo nyeusi tii toka kofia hadi buti, jasho likiwatiririka.

Muziki wenyewe, dakiwevu (darkwave), umezoea kumbi za chini ya ardhi. Ukitolewa nje unakosa pa kujificha: moshi wa jukwaani unapeperushwa na upepo, taa hazionekani. Kinachobaki ni ufundi tu.

Katika ufundi huo Wafaransa wana mila ya watu wawili. Kundi moja la Lyon lilijiita hivyo hivyo, Deux, yaani wawili. Kas Product wa Nancy walitoa albamu ya Try Out mwaka 1982, Mona Soyoc akiimba, Spatsz akiwa kwenye sinthesaiza. Miaka thelathini na ushei baadaye, mwaka 2014, wakaja wanawake wawili wa Paris, Hélène de Thoury na Amandine Stioui, na albamu ya Live & Destroy. Walijiita Minuit Machine, mashine ya usiku wa manane. De Thoury alitunga muziki, Stioui akaandika maneno na kuyaimba. Siku hizi Stioui anaendelea peke yake kwa jina lilelile.

Wasiopenda muziki huu husema mashine ndiyo inayopiga. Haya, tuwakubalie kwa dakika moja, kisha tusikilize Infrarouge, albamu ya Minuit Machine ya 2019. Besi inarudia noti chache, lakini haisimami mahali pamoja. Kichujio cha sinthesaiza kinafunguliwa taratibu, na sauti iliyokuwa butu inapata makali, kama muziki wa ukumbini unaousikia ukiwa barabarani, mara mtu afungue mlango. Kukifungua kichujio mapema ni kuuharibu wimbo. Tena sinthesaiza za zamani za analogi hubadilika sauti zikipata joto. Fundi anayezipeleka kwenye jua la kiangazi hana budi kuwa na sikio la kuzirekebisha.

Kazi ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya mwimbaji. Mpiga ngoma wa nyama na damu humsubiri mwenzake aliyeishiwa pumzi. Mashine haimsubiri mtu. Kwa hiyo Stioui haimbi kwa kupaza. Anaiweka sauti chini, kavu, bila kubembeleza, na pumzi anaivuta pale tu mdundo unapomruhusu. Mtazame kati ya mishororo miwili, mabega yakipanda kidogo: hapo ndipo mtunzi alipoacha nafasi, makusudi kabisa, kwa ajili ya mwili wa mtu.