Dhahabu ni Vitone, Nyeusi ni Mistari

Ukilipindua sinia la fedha la Edinburgh, Uskoti, la miaka ya 1760, utakuta mihuri midogo kama punje za mtama: ngome yenye minara mitatu, ambayo ni alama ya mji, ua la mbaruti, lililoanza kugongwa mwaka 1759, herufi ya mwaka, na herufi za jina la sonara. Hapo sonara amemaliza maneno yake. Ukiligeuza tena, yanaanza ya mchongaji.

Tuseme katikati pana ngao yenye nembo ya ukoo wa Campbell: pembetatu nane zinazokutana kwenye nukta moja, ya dhahabu, nyeusi, ya dhahabu, nyeusi, mpaka mzunguko unakamilika. Uskoti nembo huandikishwa kwenye daftari la umma lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1672, na kila nembo ina mwenyewe, hivyo rangi haikosewi. Lakini fedha ina rangi moja tu. Tangu karne ya 17 wachongaji wa Ulaya wana mapatano yao: dhahabu ni vitone, nyekundu ni mistari ya wima, buluu ni ya mlalo, nyeusi ni hiyo miwili ikipishana.

Kazi huanza kwa kuzima mng'aro. Uso hupakwa rangi nyeupe nyepesi, mchoro ukachorwa juu yake, kisha ukakwaruzwa kidogo kwa ncha kali ili usifutike. Sinia hulazwa juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga. Chombo chenyewe ni kalamu fupi ya chuma, yenye mpini wa mbao wa mviringo kama uyoga, unaokaa kiganjani. Hunolewa kwenye kinoo chenye mafuta na kujaribiwa kwenye ukucha: ikinasa, iko tayari, ikiteleza, inarudi kinooni.

Kiganja husukuma, kidole gumba huzuia. Fedha hukatika na kujikunja mbele ya ncha kama uzi. Penye mviringo, mkono wa kalamu hautembei. Wa kushoto ndio unaozungusha mfuko, sinia likaifuata ncha taratibu.

Mtihani uko kwenye ile nukta ya katikati. Mistari yote inayozigawa pembetatu ikichimba hadi hapo, patabaki shimo. Kwa hiyo kila mmoja hupunguziwa kina unapokaribia, mpaka unakwisha wenyewe. Ndipo huja vitone, kimoja kimoja, na mistari ya weusi, yote kwa kina kimoja na nafasi moja. Hapa hakuna kufuta, ila kusugua fedha yenyewe.

Na wako waliosugua. Sinia lilipopata mmiliki mpya, mara nyingine aliiondoa nembo ya zamani ili aweke yake. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu hubonyeza katikati kwa kidole gumba, akisikilizia fedha iliyopungua. Kisha hulipulizia pumzi ya moto. Ukungu ukitanda, kuna masinia ambayo mistari yake ya kale huchungulia, imenyooka vilevile, halafu hupotea pumzi inapokauka.