Tazama Weupe Kwanza: Namna ya Kupima Picha Dhahania Iliyochapwa kwa Kompyuta

Ukisimama mbele ya picha dhahania yenye duara moja jekundu na karatasi iliyobaki ikiwa nyeupe, usianze na duara. Hilo linajitetea lenyewe. Ndilo lililokuita kutoka mlangoni. Anza na sehemu isiyo na kitu. Hapo ndipo aliyelipua kazi anapokamatwa, kwa sababu picha ya aina hii haina majani, nyuso wala mawingu ya kufunikia kasoro. Doa la wino lenye ukubwa wa punje ya mtama, ambalo kwenye picha ya soko lililojaa watu lisingeonwa na yeyote, hapa linageuka kuwa kitu cha pili ndani ya picha iliyokusudiwa kuwa na kimoja.

Picha hizi zimejaa mijini siku hizi. Utazikuta kwenye kumbi za hoteli, kliniki za meno na nyumba za kupangisha wageni: nusu duara la rangi ya udongo, mstari mweusi, kivuli cha kijivu. Nyingi ni faili lilelile lililopakuliwa mtandaoni, likapelekwa kwa wachapa mabango, likatundikwa kwa kuwa linaendana na makochi. Sina ugomvi na makochi. Ila zipo picha za sura hiyohiyo zilizofanywa na mtu aliyefikiri na kuchapwa na mtu aliyetulia, na ukijua pa kuangalia huwezi kuzichanganya na zile.

Omba picha itolewe kwenye fremu, au angalau itolewe nyuma ya kioo. Ilaze mezani karibu na dirisha, kisha inama uitazame kwa mshazari mwanga ukitoka ubavuni. Ukiona vidoti vidogo vilivyojipanga mstari mmoja, hayo ni magurudumu ya printa yaliyokanyaga wino kabla haujakauka. Ukiona mistari myembamba inayokata sehemu ya rangi moja, kichwa cha printa kilikuwa na matundu yaliyoziba na mchapaji hakujisumbua kukisafisha. Mikwaruzo inayong'aa juu ya rangi nyeusi isiyong'aa ni alama za vidole na mikono ya haraka. Kasoro yoyote kati ya hizi yatosha kuirudisha kazi. Mchapaji anayejiheshimu angeichana mwenyewe.

Rangi inayofifia taratibu, tuseme kijivu kinachopauka kutoka chini kwenda juu, ndiyo mtihani mgumu kuliko yote, na wengi hufeli hapa. Faili la kawaida lina ngazi 256 tu kwa kila rangi ya msingi. Karatasi ya A2 ina urefu wa milimita 594. Rangi ikisafiri kutoka nyeusi kabisa hadi nyeupe kabisa, kila ngazi inapata milimita mbili na kitu, na jicho halitaikamata. Lakini wasanii wa picha hizi hupenda upole: kijivu kidogo kinachoelekea kijivu kidogo zaidi. Hapo huenda ngazi zilizotumika ni 40 tu, na kila moja inapanuka hadi karibu sentimita moja na nusu. Matokeo yake ni mapande yanayofuatana kama ngazi za baraza, mahali ulipoahidiwa mteremko. Msanii anayejua kazi yake huhifadhi faili lenye kina kikubwa zaidi cha rangi, au hunyunyiza chembechembe hafifu kwenye eneo lile ili kuvunja mapande hayo. Kwa hiyo ukisogeza lenzi ya kukuzia ukaona vumbi laini ndani ya rangi inayofifia, usilalamike. Mara nyingi ni dalili ya fundi.

Lenzi hiyo hiyo ipeleke kwenye kingo za maumbo. Ukingo wa duara uwe mmoja, usio na meno. Duara lililochorwa kwa programu inayohifadhi maumbo kwa hesabu linaweza kukuzwa hata lienee ukutani na bado likabaki duara. Faili la mtandao wa kijamii lenye upana wa pikseli 1,080 ni jambo jingine: likitandazwa kwenye upana wa sentimita 42, kila pikseli inachukua takriban milimita 0.4, na ukingo unakuwa msumeno. Kwa upana huo mchapaji anataka pikseli zinazokaribia 5,000. Angalia pia kama kuna utandu wa rangi chafu, mfano wa moshi mwembamba, unaolizunguka umbo kwenye weupe. Huo ni uchafu wa faili lililobanwa mara nyingi lipungue ukubwa. Hakuna karatasi wala wino utakaousafisha.

Mpaka hapa tumekagua uchapaji. Picha yenyewe je? Vitu vikiwa vichache, mahali kilipowekwa kila kimoja ndiyo kazi nzima. Josef Albers, Mjerumani aliyehamia Marekani mwaka 1933, alianza mwaka 1950 mfululizo alioupa jina la Homage to the Square, na aliendelea nao hadi alipofariki mwaka 1976. Ni miraba mitatu au minne, mmoja ndani ya mwingine, basi. Mtazamaji mwenye haraka hudhani imepangwa katikati. La hasha. Imeteremshwa kwa hesabu: nafasi ya chini ikiwa moja, za ubavuni ni mbili, ya juu ni tatu. Ndiyo maana miraba ile ina uzito, inakaa, na wakati huohuo inaonekana kukusogelea. Irudishe katikati kamili nawe utabaki na nembo ya kampuni.

Jaribio langu ni la vidole. Funika kitu kimoja kwenye picha kwa kidole gumba, kisha achia. Kama picha haikupungukiwa chochote ulipokifunika, kitu hicho hakikuwa na kazi. Kisha igeuze juu chini. Kama bado ni ileile, haikunung'unika, basi aliyeipanga alikuwa anajaza nafasi. Nimeona picha za bei kubwa zikishindwa majaribio haya mawili mbele ya wauzaji wake, na ukimya uliofuata ulinitosha.

Wanaodhani kompyuta ilikuja juzi katika sanaa hii wamsome Vera Molnár. Alizaliwa Budapest mwaka 1924, akahamia Paris mwaka 1947, na mwaka 1968 akaanza kutumia kompyuta, enzi ambazo mashine hizo zilikaa kwenye maabara na vyuo vikuu. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 99. Katika mfululizo wake wa (Dés)Ordres wa mwaka 1974, miraba iliyo ndani ya miraba imeamriwa kwa utaratibu mkali, kisha ikavurugwa: kona hapa imesogea, mstari pale umepinda. Alichokuwa akikitafuta ni kipimo cha vurugu. Kidogo mno, picha inabaki karatasi ya hesabu. Kingi mno, inakuwa takataka. Leo kompyuta inaweza kuzalisha mia moja kama hizo kabla chai haijapoa, na kwa sababu hiyo ubora umehamia kwenye kuchagua. Muulize msanii alizalisha ngapi na akatupa ngapi. Anayekujibu kwamba zote ni nzuri hajachagua bado.

Kuna wanaouza pia nakala safi, zilizonyooshwa kwa rula, za ule mraba mweusi alioupaka Kazimir Malevich mwaka 1915. Mraba wa asili, ulioko Moscow, haujanyooka sawasawa na umejaa nyufa. Mkono wa mtu umo ndani yake. Aliyeunyoosha amekuuzia kigae.

Rangi nayo ina hila zake. Skrini inatoa mwanga, karatasi inaurudisha tu, kwa hiyo zipo rangi za skrini ambazo hakuna printa itakayozifikia: bluu kali huchapwa ikiegemea zambarau, kijani cha kuwaka kinanywea. Msanii makini huzikwepa tangu mwanzo au hukaa na mchapaji wakitoa sampuli hadi waridhike. Kwa hiyo usipime picha kwa kuifananisha na simu yako. Ipime kwa kuihamisha. Itazame chini ya taa ya dukani, kisha itoe nje kivulini. Kijivu kilichotulia ndani na nje kilichapwa kwa wino wa kijivu na mweusi. Kijivu kinachogeuka cha kijani au cha waridi ukivuka mlango kilikorogwa kutokana na rangi nyingine. Nyeusi nayo iwekee kando kitambaa cha buibui. Karatasi isiyong'aa haiwezi kushinda buibui kwa weusi, hilo likubali, lakini ikionekana kama mkaa uliopoa, wino uliotumika haukuwa wa karatasi ile.

Uchapaji huu wa picha za sanaa una asili yake. Mwanamuziki Graham Nash, aliyekuwa akipiga picha pia, alifungua karakana ya Nash Editions huko California mwaka 1991, akitumia printa ya Iris 3047 iliyotengenezwa kwa ajili ya sampuli za viwanda vya uchapaji. Mwaka huohuo mchapaji wake, Jack Duganne, alizipa picha hizo jina la Kifaransa, giclée, ambalo leo linabandikwa hata kwenye kazi za hovyo, usilipie jina. Tatizo la miaka ile lilikuwa wino: ulikuwa wa rangi iliyoyeyushwa, na picha nyingi zilififia upesi mwangani. Wino unaofaa sasa ni ule wenye chembe za rangi ngumu, unaostahimili mwanga kwa miongo. Mwombe mchapaji kipande cha mabaki, dondoshea tone la maji, subiri, kisha futa kwa kitambaa cheupe. Rangi ikitiririka, achana naye. Na kanvasi inayonuka kama petroli, yenye nukta unazoziona ukiwa umesimama hatua moja, imetoka kwenye mashine ya mabango, haidhuru jina lililoandikwa kwenye stika.

Weupe tulioanza nao, kumbuka, si rangi. Ni karatasi yenyewe, na kwenye picha ya aina hii unanunua karatasi kuliko wino. Itakiwayo ni ya pamba, isiyo na asidi, yenye uzito wa gramu 300 hivi kwa mita ya mraba. Ukiishika pembeni haijikunji. Kuna kipimo kizuri ambacho kila duka kubwa linacho bila kujua: taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Pitisha kona ya picha chini yake. Noti halali hukaa gizani ukiacha alama zake za siri. Karatasi iliyotiwa dawa ya kung'arisha huwaka bluu kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga. Mwako hafifu si kosa. Mwako mkali maana yake weupe unaoulipia ni wa dawa, na dawa hiyo huchoka kwa mwanga, ikiiacha karatasi na umanjano iliokuwa imeufunika.

Namba iliyoandikwa kwa penseli chini ya picha, tuseme 7/30, ni ahadi tu. Faili halichakai, laweza kuchapwa hata mara elfu. Kwa hiyo uliza kama hizo 30 ni za ukubwa huu pekee au ni za picha nzima, na utake karatasi iliyosainiwa yenye aina ya wino, aina ya karatasi na mwaka wa kuchapwa. Albers alikuwa akiandika nyuma ya ubao majina ya rangi alizotumia. Msanii wa kompyuta hana sababu ya kushindwa.

Kwa wakazi wa Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, neno moja la ziada. Unyevu hupandisha ukungu, na picha inayogusa kioo hunata humo. Fundi fremu aweke kadibodi isiyo na asidi iliyokatwa dirisha, ili kioo na picha visigusane, na nyuma asiweke hadibodi tupu, maana huiachia karatasi madoa ya kahawia. Usiitundike mkabala na dirisha la magharibi.

Kama fedha uliyonayo inatosha kanvasi moja pana ya mashine ya mabango, nunua badala yake picha ya A3 kwenye karatasi ya pamba, iliyosainiwa, na chenji yote mpelekee fundi fremu.