Mkia wa Mariakani, Pingili 56!

Jamani, hebu acheni mlichoshika! Nimeiona kwa mara ya kwanza michoro ya Kenyasaurus mariakaniensis na tangu hapo sijatulia. Ndiyo, Mariakani hiyo hiyo ya mizani ya malori, njia ya Nairobi, si mbali na kwetu Bombolulu. Mnyama mtambaao wa karibu miaka milioni 250 iliyopita, na jina lake la kisayansi ni la hapa hapa Pwani!

Wataalamu wa visukuku J. M. Harris na R. L. Carroll walimtangaza mwaka 1977, na mifupa yake ni mali ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Kichwa hakikupatikana, wala sikukitafuta, maana jicho linakimbilia mkiani: pingili 56! Nikazifuata kwa kidole. Jozi 28 za vijibavu zimechomoza pembeni. Na miiba ya mgongoni, tazameni vizuri, ni mifupi kwenda juu lakini mirefu kutoka mbele kwenda nyuma.

Sasa mwekeni kando ya jamaa yake wa Tanga. Tangasaurus mennelli, aliyeelezwa na Haughton mwaka 1924, yuko makumbusho ya Cape Town, na Philip Currie alimchunguza upya mwaka 1982. Mkia wake, lo! Miiba imerefuka juu na chini hadi mkia umekuwa bapa kama kasia. Huyu ni wa majini! Na Madagaska, ambayo wakati huo ilikuwa bado imeshikana na upande wetu, kuna jamaa yao mwingine, Hovasaurus, aliyekutwa na kokoto tumboni, uzito wa kumsaidia kuzama.

Kwa hiyo ukoo mmoja una wa nchi kavu na wa majini. Wa Mariakani, kwa mkia ule, namweka nchi kavu, na kwangu yeye ndiye mtamu zaidi, kwa sababu bila yeye huwezi kuona wenzake walibadilika kiasi gani. Tena wa Tanga aliishi kabla ya yale maangamizi makubwa yaliyofuta viumbe wengi duniani, wa Mariakani baada yake. Ukoo ulivuka!

Watoto wa Kisauni wanamjua dinosaria wa Marekani kwa jina na meno, huyu wa jirani hawajamsikia. Nakala za plasta tu zingetosha: mikia miwili ubavu kwa ubavu pale Fort Jesus, chini kabisa, waishike kwa mikono.