Ubeti Ulioachwa

Wanakwaya, hongereni. Jumamosi mlituletea kitu ambacho hapa kambini hatujakizoea: nyimbo za kuchekesha za jukwaani za Waingereza wawili, Gilbert aliyeandika maneno na Sullivan aliyetunga muziki. Hakuna aliyelipwa, kinanda cha kuazima, na watu walijaa mpaka madirishani.

Kwa sauti sina neno. Ule wimbo usio na ala, kutoka The Pirates of Penzance, ulinyamazisha hata watoto. Si ajabu. Sullivan huyo huyo ndiye aliyetunga, mwaka 1871, tuni ya ule wimbo wa askari wa Kristo ambao wengi wetu tumeuimba kanisani tangu utotoni. Mliuimba kama ibada, na ndivyo inavyotakiwa, maana wanaopiga magoti pale ni maharamia. Mzaha uko hapo.

Shida ilianza kwenye H.M.S. Pinafore. Mkuu wa jeshi la maji anasimulia alivyopanda cheo: alianza kwa kufagia ofisi ya mawakili na kung'arisha kitasa cha mlango, akafika juu bila kujua bahari. London ya 1878 ilijua anasemwa nani: W. H. Smith, mfanyabiashara wa vitabu na magazeti aliyepewa wizara hiyo mwaka 1877. Watu wakamcheka, naye akaendelea na kazi mpaka 1880. Wimbo haukumfukuza mtu.

Sasa jamani, mbona ubeti wa mwisho mliuruka? Ule wa kuwashauri watu wa nchi kavu namna ya kupanda cheo ndio wenye mwiba. Nikauliza, nikaambiwa wageni wa ofisini walikaa mstari wa mbele. Basi mkaziba pengo kwa kukodoa macho na kukata viuno. Mwimbaji akicheka kwanza, msikilizaji hana la kucheka.

Na nani asiyemjua mkubwa anayepanga mgao ambaye hajawahi kupanga foleni? Hata wenyeviti wetu wa bloku wangejisikia humo.

Wageni wakija, siku zote tunaimba machozi au shukrani. Anayelia huhurumiwa, anayeshukuru hupigwa picha. Lakini utani, si mnajua, ni wa watu wanaohesabiana ndugu. Mkimtania mgeni, mmempa kiti cha nyumbani.

Mara nyingine urudisheni ubeti huo, muuimbe kama mnaimba kanisani. Wageni waacheni pale pale mbele.