Kuijua CG125 Iliyofufuliwa Sawasawa

Ukionyeshwa injini ya zamani ya Honda CG125 inayong'aa hadi unajiona uso, usiisifu bado. Kiwandani haikutoka hivyo. Ilikuwa na rangi ya fedha iliyotulia. Aliyeisugua kiasi hicho ametumia muda mwingi upande ambao oili haifiki. Mimi huomba kwanza vitu viwili: karatasi ya vipimo, na boksi la vipuri vilivyotolewa. Fundi aliyefanya kazi yake kando ya ukuta wa nyumba, juu ya meza ya mbao, na akakuwekea vitu hivyo viwili mbele yako bila kusitasita, huyo tayari ana heshima yangu.

Pikipiki hii iliingia sokoni mwaka 1976. Walioichora walijua inakwenda kwenye vumbi na kwa watu wanaochelewa kubadilisha oili. Wakaachana na kamshafti ya juu ya hedi na mnyororo wake, wakaishusha kamu karibu na krenki, ikazungushwa na gia, na pushirodi mbili zikapanda kusukuma roka. Nundu moja tu ya kamu huendesha valvu zote mbili. Mchoro huo ulidumu kiasi kwamba injini nyingi za pikipiki za Kichina zinazobeba abiria leo Afrika Mashariki zimetokana nao. Hapo ndipo penye mtego. Spea zinazoifaa injini hii zimejaa kila duka, kwa hiyo mtu anaweza kubadilisha kila kitu bila kupima chochote, akakuambia injini ni mpya. Kipande asilia cha Honda ambacho bado kimo ndani ya kipimo chake ni bora kuliko kipya cha bei ya chini ambacho hakuna ajuaye chuma chake. Ndiyo maana nautazama uamuzi wa kuacha kwa makini zaidi kuliko uamuzi wa kubadilisha. Kamu ni mfano mzuri: kwa kuwa nundu ni moja, ikilika, valvu zote mbili zinapoteza mwinuko wake. Fundi anayejua ataiangalia nundu hiyo pamoja na vipande viwili vinavyoipanda. Vikiwa laini bila mashimo, atavirudisha, kila kimoja mahali pake pa zamani.

Sasa silinda, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Kipenyo cha kiwandani ni milimita 56.5, na pistoni za ovasaizi hupanda kwa robo robo ya milimita, namba ikiwa imegongwa juu ya pistoni. Uliza swali moja: pistoni ilinunuliwa kabla au baada ya kuchonga? Jibu sahihi ni kabla. Silinda huchongwa kuifuata pistoni iliyopo mkononi, iliyopimwa kwa mikromita, kwa sababu nafasi inayotakiwa kati yao ni sehemu chache za mia za milimita, na pistoni mbili zenye namba moja zinaweza kutofautiana kwa kiasi hicho. Karatasi ya vipimo iwe na namba za juu, katikati na chini ya silinda, na kila mahali pamepimwa pande mbili zinazokatana, ili ijulikane kama tundu ni duara kweli. Ndani utaona mistari myembamba iliyokatizana. Hiyo hushika oili na kuzifanya ringi zikae. Silinda iliyoachwa nyororo kama glasi itakula oili hata kama kila kitu kingine ni sahihi.

Krenki ishike kwa mkono. Konrodi ikisukumwa juu na chini isiwe na mchezo wowote unaousikia. Kusogea kidogo kushoto na kulia kunaruhusiwa, na wanunuzi wengi huchanganya mambo haya mawili, wakaikataa krenki nzima au kuikubali mbovu. Kwenye hedi, mimina petroli ndani ya tundu la valvu iliyofungwa, uisubiri. Isivuje. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na fundi asiyetaka ukifanye mbele yake amekwisha kujibu.

Nje, soma vichwa vya skrubu. Skrubu za Kijapani za enzi hizo zina mkato wake, na bisibisi ya nyota ya kawaida huvila vichwa hivyo. Vikiwa vizima, mkono uliofungua ulikuwa na subira. Silikoni iliyofurika kwenye maungio ni dalili mbaya zaidi, kwa sababu kama imefurika nje, imefurika ndani pia, na kipande kikimeguka kinaweza kuziba njia ya oili.

Piga kiki injini ikiwa baridi. Mguu ukutane na ukinzani wa kweli. Ikishawaka, sikiliza juu: CG125 iliyo sawa ina mlio mwepesi wa roka. Ukimya kamili wakati wa baridi unanitia wasiwasi. Nafasi ya valvu ni milimita 0.08 kwa zote mbili, na fundi anayezibana zaidi ili kumfurahisha mteja anaiunguza valvu ya ekzosti. Moshi wa bluu unaotoka mara moja asubuhi kisha ukakoma unaelekeza kwenye gaidi za valvu. Ukitoka injini ikivuta mlimani, shuku ringi.

Ukiweza, kubaliana na muuzaji kwamba sehemu ya malipo ingoje kilomita 300 za mwanzo. Kisha oili imwagwe na kifuniko cha kulia kifunguliwe, kwa kuwa CG125 huchuja oili kwa chombo kinachozunguka kwenye ncha ya krenki na kutupia uchafu ukingoni. Tope jembamba la kijivu ni la kawaida kwa injini inayozoeana. Lipitishie sumaku. Vipande vinavyonata ni chuma, na unapaswa kurudi kwenye beringi, gia na kamu. Vipande vinavyometa visivyonata ni aloi, na pistoni ndiyo ya kwanza kutolewa na kutazamwa.