Kitabu Kidogo cha Marx juu ya Wayuda

Huku Mwadingusha tunaishi karibu na maporomoko ya Lufira. Tangu mwaka 1930 maji yale yanazungusha mashini za umeme, na waya zinapita juu ya nyumba kwenda kwenye migodi. Chini ya waya hizo wako watu wanaokula chakula cha jioni kwa mwanga wa mushumaa. Kijana mumoja, mwanafunzi, alisema mbele yetu: «Umeme wetu unakuliwa na Wayuda.» Tulimuuliza kama amekwisha kuona Muyuda hata mumoja. Alijibu hapana, kisha akatoa mufukoni kitabu kidogo cha Karl Marx kwa Kifaransa, juu ya swali la Wayuda. Tulikiomba, tukakisoma siku tatu.

Kwanza tukipe haki yake. Marx alikiandika katika mwaka 1843, akiwa na miaka 25, na kilichapwa Paris mwaka 1844. Kilikuwa jibu kwa Bruno Bauer, aliyetaka Wayuda wa Ujerumani waache dini yao kabla ya kupewa haki za raia. Marx alimupinga: serikali inaweza kutoa haki bila kuuliza mutu anasali wapi. Sehemu hii ina nguvu, na museminari anayesoma filosofia asione haya kuikubali.

Lakini katika sehemu ya pili kalamu inageuka. Muyuda wa kila siku ni nani? Marx anajibu kwamba ni mutu wa kuchuuza, na mungu wake ni feza. Halafu anaongeza kwamba Wakristu nao wamekuwa Wayuda kwa namna hiyo. Wako wenye elimu wanaomutetea: wanasema alichezea maneno ya adui zake, na shabaha yake ilikuwa feza, si watu. Sawa, ilikuwa feza. Kosa liko pale pale. Aliona zambi ya kupenda mali, na badala ya kuiita kwa jina lake aliipa jina la taifa. Alizaliwa yeye mwenyewe katika ukoo wa marabi, akabatizwa na Waprotestanti mwaka 1824. Hilo halimupunguzii kosa. Mutu anaweza kumutukana mama yake kwa lugha ya mama. Na ajabu ni kwamba katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1867 anahesabu taabu ya mufanyakazi kwa saa za kazi, mushahara na viwanda vya Uingereza, na hesabu inatembea bila kuhitaji Muyuda.

Tupime jambo hili kwa inchi yetu. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906 na Société Générale ya Ubelgiji na Tanganyika Concessions ya Waingereza, pamoja na serikali ya Mfalme Leopold. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Likasi na wa Elisabethville waliomba mushahara, wakapata risasi. Wazee wanasema Kongo ilishikwa na nguzo tatu: Serikali, Kompani na Misioni. Nguzo ya tatu, tusiifiche, ilikuwa sisi. Sinagogi haikuwamo. Wayuda wa Katanga, wengi wao watu wa kisiwa cha Rhodes, walikuwa wafanya biashara. Walikuwa wazungu katika koloni, na rangi yao iliwafaidisha. Hilo nalo ni kweli. Lakini mwezi wa Julai 1944 Wajerumani walichukua Wayuda wa Rhodes, zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Waliobaki wazima walikuwa kama 150 tu. Huku Katanga Rabi Moïse Levy, aliyefika Elisabethville mwaka 1937, alikuwa na waamini wengi wa kufariji. Kisha Novemba 30, 1973, Mobutu alitangaza kwamba maduka ya wageni yatachukuliwa. Hapo Wayuda hawakuchaguliwa peke yao, Wagiriki na Wareno walipatwa vilevile. Muchimba shaba hakuongezewa mushahara.

Ulaya ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu walioumizwa walikuwa wana wa nyumba. Wayuda wengi waliingia vyama vya wafanyakazi kwa moyo wote. Chama chao, Bund, kilizaliwa Vilna mwaka 1897. Mwaka 1952 huko Prague wakomunisti walihukumu wakubwa wenzao 14, na 11 kati yao walikuwa Wayuda. Mwezi wa Januari 1953 Moscow ilishitaki waganga wake. Kuanzia mwaka 1968 Polandi ilisukuma inje Wayuda zaidi ya 12,000. Neno lilibadilishwa tu: badala ya «Muyuda», magazeti yaliandika «Muzayoni». Hata London, mwaka 2020, tume ya usawa na haki za binadamu iliona kwamba chama cha Labour kilivunja sheria kwa namna kilivyotendea Wayuda wake.

Kulaumu serikali ya Israeli juu ya Wapalestina si kosa hilo. Mutu ana haki ya kuilaumu kama anavyolaumu serikali ya Kinshasa. Kosa linaanza pale muuza duka wa Lubumbashi anapotakiwa ajibu kwa ajili yake, ao Muyuda anapoambiwa aape kwanza kwamba amewakana ndugu zake, ndipo apewe kiti katika mukutano wa wafanyakazi. Hilo ni sharti la Bauer limerudi, sharti lile ambalo Marx alilivunja katika sehemu ya kwanza!

Tena wakatekista watusikilize. Katika Kiswahili chetu jina la Yuda Iskariote na jina Wayuda yanafanana, na watoto wanaunganisha. Papa Yoane XXIII aliondoa neno la kuwachafua Wayuda katika sala ya Ijumaa Takatifu mwaka 1959, na Mutaguso ulisema wazi Oktoba 28, 1965 kwamba Wayuda wote hawawezi kuhesabiwa mateso ya Bwana. Lakini tumesikia, hata katika misa, mutu bahili akiitwa Muyuda, na waamini wanacheka.

Tulimurudishia kijana kitabu chake. Aliuliza: «Basi, padri, umeme unakuliwa na nani?» Tulimuambia aanze na mikataba: nani alitia mukono, mwaka gani, kwa bei gani, na vijiji vinadai nini. Alisema kazi hiyo ni ndefu. Tulimupa daftari na kalamu. Ameahidi kurudi kisha mavuno.